Magunia ya Maonyesho

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwa Mihayo. Leokadia, mkewe, alikuwa uani akichambua mlenda wa porini, chakula chao cha siku tatu mfululizo. Alipoona kilichomo nyuma ya lori aliweka ungo chini akasimama. Yalikuwa magunia saba ya yanga, yale mahindi ya njano ya msaada ambayo kijiji kizima cha Isengela kilikuwa kikiyasubiri tangu Krismasi. Makuli wawili waliyashusha, wakayaingiza ndani moja baada ya jingine na kuyapanga ukutani. La kwanza lilipoingia Leokadia alipiga kigelegele. La nne lilipoingia alikwisha kuinjika sufuria.

"Mama, hiyo sufuria ya nini?" aliuliza mtu aliyeteremka kutoka kiti cha mbele. Alikuwa Bwana Abrahamu, afisa wa maendeleo kutoka mjini Mbeya, amevaa suti ya kaunda ya kijivu na kalamu tatu mfukoni.

"Nawachemshia watoto kande, baba."

"Haya hayaguswi."

Leokadia alicheka, akidhani anataniwa. Alimtazama mwenyekiti wa kijiji, Eliezeri, aliyekuwa amesimama nyuma ya mgeni huyo. Eliezeri alikuwa akiitazama miguu yake mwenyewe.

Mihayo alifika mbio kutoka shambani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa mabua yaliyokauka kabla ya kubeba. Mwaka ule wa 1975 mvua ilinyesha wiki mbili Usangu ikakatika. Ng'ombe wake, wale aliokuja nao kutoka Usukuma, walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, baada ya watu kuhamishiwa kijijini, mahali pasipo na josho. Kilichobaki cha kumtambulisha kuwa aliwahi kuwa mtu mwenye mali kilikuwa paa lake la bati.

"Ndugu Mihayo, hongera," Bwana Abrahamu alisema akimshika mkono. "Nyumba yako imechaguliwa. Jumamosi tunapokea wageni wa nchi sita, zote zinazoendelea kama sisi. Wanazunguka kila nchi wanalinganisha. Nani kapunguza umaskini, nani anajitosheleza kwa chakula, nani anakula mali ya umma. Wakitoka hapa wataandika. Unataka sisi tuwe wa mwisho?"

"Sitaki," Mihayo alisema. "Lakini haya mahindi ni ya nani?"

"Kwa wageni, ni yako. Umeyavuna."

"Ya njano?"

"Wao hawajui hapa kwetu tunalima rangi gani." Kisha akapunguza sauti, akawa kama ndugu. "Sikiliza. Wageni wakiondoka, gunia moja litabaki hapa ndani. Moja zima. Hakuna kaya nyingine itakayopata hivyo."

Mihayo aliwatazama watoto wake watatu waliokwisha kukaa mbele ya magunia kama watu wanaoota moto. Akasema ndiyo.

Leokadia aliiepua sufuria. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemka; akayamimina polepole kwenye beseni, asiyatupe.

*

Siku ya Ijumaa vililetwa vitu vingine: kitanda cha chuma na godoro kutoka nyumba ya kulala wageni, viti vinne, baiskeli mpya, na redio isiyo na betri. Bwana Abrahamu aliipanga nyumba mwenyewe. Baiskeli aliiegemeza upande wa kulia wa mlango, akarudi nyuma, akaitazama, akaihamishia kushoto. Leokadia alisimama nje ya nyumba yake akisubiri kuruhusiwa kuingia.

Halafu walifundishwa majibu.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?" Bwana Abrahamu aliuliza.

"Mara tatu," alijibu Mihayo.

"Lini?" aliuliza Seni, mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitano. Aliuliza kwa hamu kabisa, akimtazama baba yake.

Makuli waliangua kicheko. Bwana Abrahamu hakucheka. Aliagiza siku ya wageni mtoto yule akachezee kwa majirani.

Jumamosi asubuhi alikuja kufanya ukaguzi wa mwisho. Aligusa magunia, akapapasa godoro, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipotoka uani alimwona Bibi Minza, mama yake Mihayo, amekaa kwenye jamvi kando ya ukuta. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, lakini shingo na mikono vilikuwa vimebaki mifupa.

"Na huyu?"

"Ni mama yangu."

"Naona. Mheshimu sana mama, mimi pia ninaye." Alijifuta jasho. "Sisemi kwa ubaya, ndugu. Lakini mgeni akimwona huyu, hatayaona magunia."

Bwana Abrahamu aliendelea kueleza, kwa upole, kwamba wazee dhaifu wote wa kijiji, jumla wanne, watapumzishwa kwenye ghala jipya. Kule kuna kivuli. Watapelekewa uji. Wageni wanafika saa nne, saa sita watakuwa wamekwisha kuondoka, na bibi atarudi kwenye jamvi lake akiwa ameshiba.

Mihayo alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mayu, kuna wageni. Nataka nikupeleke mahali upumzike kidogo."

"Wageni wanakuja nyumbani kwangu, nami naondoka?" Bibi Minza aliuliza. "Watamsalimia nani?"

"Ni wageni wa serikali, mayu."

"Hata wa serikali. Wanasalimiwa na mkubwa wa nyumba."

Mihayo alimgeuzia mgongo ili ampande. Bibi akaweka mikono shingoni mwa mwanawe. Leokadia alimfunga kitenge chake kizuri, kile cha kwendea kanisani, akamwambia, "Nitakufuata na maji, mama." Mihayo alisema baadaye kwamba kilichomshtua njiani ni uzito wake. Alidhani amesahau kumpakia mtu mgongoni.

Ghala lilikuwa la mabati matupu, paa na kuta, limejengwa na wanakijiji kwa ajili ya mavuno ambayo hayakuja. Ndani walikwisha kufika wengine: bibi wawili wa Kisangu, na mzee Jailos, Msafwa wa milimani aliyemfuata mwanawe Usangu. Mihayo alimlaza mama yake karibu na Jailos. Saa mbili ile bado palikuwa na ubaridi mzuri.

Eliezeri alifunga mlango kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni mwa shati.

"Mbona unafunga?" Mihayo aliuliza.

"Bwana Abrahamu kasema. Watoto wasije wakawasumbua."

*

Saa nne ilifika, wageni hawakuja. Watu walikuwa wamepangwa pande mbili za barabara kwa vikundi: wanafunzi, akina mama wa ngoma, wakulima wenye majembe mabegani. Jua la Februari liliwapiga utosini. Saa tano mwanamke aliyepangiwa kupika uji wa wazee aliitwa kwenye ngoma, kwa sababu mpiga ngoma mmoja alikuwa amezimia. Hakuna aliyechukua nafasi yake jikoni.

Saa sita Leokadia alimfuata Eliezeri.

"Naomba ufunguo, baba. Nimpelekee mama maji."

Eliezeri alikwenda kumwuliza Bwana Abrahamu, akarudi. "Anasema wageni wameshapita Chimala. Dakika yoyote. Hakuna kufungua."

Saa saba aliomba tena, akaambiwa vilevile. Saa nane alikwenda mwenyewe kwa Bwana Abrahamu, akapiga goti barabarani mbele ya watu wote.

"Inuka, mama, inuka, unaaibisha kijiji," Bwana Abrahamu alisema akitazama huku na huku. "Wako kivulini wale. Mimi na wewe ndio tunaoungua."

Leokadia alimwendea mumewe, aliyekuwa amesimamishwa mlangoni pa nyumba yao na shati la kuazima.

"Baba Seni, vunja lile kufuli."

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu asubuhi."

"Mama Seni, gunia lile," Mihayo alisema kwa sauti ya chini. "Nikiharibu sasa hivi, watoto watakula nini kesho?"

Maneno hayo Mihayo aliyarudia mwenyewe kwa watu wengi miaka iliyofuata, bila kuulizwa, na hakuwahi kujaribu kuyapamba.

Wageni walifika saa tisa na robo, kwa Landrova tatu. Walikuwa watu kumi na mmoja. Ngoma zilipigwa, wanafunzi waliimba, vumbi likapanda. Mfasiri wao alikuwa kijana mrefu aitwaye Bartholomeo, msomi, mwenye sauti nzuri ya kupendeza. Waliingia nyumbani kwa Mihayo kwa kupokezana. Waliyapigapiga magunia kwa viganja, wakatazama kitanda, wakatoka na nyuso za furaha.

Mama mmoja wa makamo, aliyejifunga nguo ndefu ya rangi ya zafarani, hakwenda kwenye magunia. Alikwenda jikoni, akainama, akagusa majivu baridi. Aliyagusa kwa muda. Kisha akauliza jambo, na Bartholomeo akalitafsiri.

"Anauliza, msaada wa chakula huwa unawafikia?"

"Unafika," Mihayo alisema.

"Anauliza, mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu."

"Anauliza, wazee wako wapi? Hajaona mzee hata mmoja."

Mihayo alifungua mdomo. Bwana Abrahamu alimtangulia kujibu kwa Kiingereza, akitabasamu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wanakijiji nao wasikie: "Nimemwambia, wazee wetu wamepumzika."

Yule mama aliandika.

*

Saa kumi na moja vumbi la Landrova lilikuwa bado linatua Eliezeri alipofungua kufuli. Mihayo na Leokadia walikuwa nyuma yake. Mlango ulipofunguka, joto liliwapiga usoni kama la tanuri la mkate, hata Eliezeri akarudi nyuma hatua mbili.

Mzee Jailos alikuwa amelala kifudifudi, mdomo kwenye ule upenyo mwembamba kati ya mlango na sakafu. Midomo ilikuwa imepasuka. Bibi wawili wa Kisangu walikuwa wamekumbatiana pembeni, mmoja akinong'ona jina la Mungu, mwingine akihema tu. Bibi Minza alikuwa pale pale alipolazwa. Kitenge cha kanisani alikuwa amekivua na kukikunja vizuri, akakiweka kando. Macho yalikuwa wazi.

Leokadia alimwaga maji mdomoni mwake. Yalitoka yote, yakateremka shingoni.

"Mama. Mama, nimeleta maji."

Mihayo hakulia. Alisimama katikati ya ghala akigeuka huku na huku, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Kiganja chake alikiweka ukutani, kwenye bati, na akakiacha hapo mpaka Leokadia alipomvuta; kilikuwa kimeungua.

Jailos alipopata kunywa, akakaa, alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Tulipiga mabati. Tulipiga sana. Halafu tukasikia ngoma zenu zimeanza, tukajua hamtusikii." Alipumzika. "Yeye alikuwa amekwisha kuacha kupiga. Aliniuliza kama wageni wamefika. Nikamwambia wamefika. Akasema basi walioko nyumbani watawasalimia."

Eliezeri aliketi chini kwenye vumbi, ufunguo mkononi.

Lori lilikuja kabla jua halijazama. Makuli walichukua kitanda, viti, baiskeli na redio, kisha magunia. Walipokwisha kupakia la sita, Bwana Abrahamu aliwazuia. Aliingia ndani alikolazwa maiti, akavua kofia.

"Poleni sana. Ni kazi ya Mungu, alikuwa mtu mzima. Gunia la saba libaki, kama nilivyoahidi. Hesabuni kuwa ni rambirambi yangu."

Lori halikugeuka kulia, kwenye njia ya ofisi ya kijiji. Lilishika njia ya barabara kuu, kuelekea mjini, na kila mtu aliliona.

Mihayo alitaka kulichoma moto gunia lile. Leokadia alilifungua. Watu walikuja msibani na matumbo matupu, na watoto wake watatu walikuwa wamekaa wakilitazama. Alitwanga kwa mikono yake, akasonga ugali wa njano, akawagawia waombolezaji, na wa mwisho akamwekea mumewe. Mihayo alikula. Alikula mpaka akashiba, kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima, kisha akaenda nyuma ya nyumba akatapika.

*

Siku ya tano baada ya mazishi Eliezeri alikuja na bahasha. Wageni walikuwa wanafunga ziara yao Iringa, kwenye ukumbi, na Mihayo alitakiwa kwenda kupokea zawadi ya mkulima bora. Atasema maneno machache. Maneno yenyewe yalikuwa ndani ya bahasha.

"Mimi siendi," alisema Mihayo.

Leokadia aliipokea bahasha, akaisoma. Alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu kwa masista, na bado alisoma kwa kufuata mstari na kidole.

"Nenda," alisema.

"Nikapokee zawadi?"

"Nenda ukaseme. Kule kuna watu wa nchi sita. Hapa ukisema anasikia nani? Eliezeri?"

Eliezeri alisimama hapohapo, hakukasirika. Akasema taratibu, "Akiniuliza mtu, nitasema ufunguo nilikuwa nao mimi."

Ukumbi wa Iringa ulikuwa na feni na vitambaa vyeupe mezani. Ubaoni palibandikwa karatasi kubwa yenye mistari na tarakimu. Mihayo hakuweza kuisoma. Alimwuliza karani aliyekuwa akipanga viti.

"Hizi ni nchi, zote saba, pamoja na yetu," karani alisema kwa fahari. "Safu hii maji, hii shule. Ile ya mwisho ni uaminifu katika mali ya umma. Na hii hapa ni njaa. Unaona kwetu? Kijiji chenu kimetusaidia sana. Tumepata sifuri."

"Sifuri ni nzuri?"

"Ni nzuri kabisa, mzee. Maana yake njaa hakuna."

Mihayo aliitazama ile sifuri. Ilikuwa imechorwa vizuri, ya mviringo, kwa wino mwekundu.

Alipoitwa jukwaani aliiacha bahasha kwenye kiti. Bartholomeo alisimama kando yake. Mihayo hakuwahi kuongea mbele ya watu wengi namna ile, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza ukubwani, lakini hakusita.

"Mimi ni Mihayo wa Isengela. Yale magunia si yangu. Yaliletwa na lori Alhamisi, yakaondoka na lori Jumamosi. Sisi hatuli mara tatu. Mama yangu mzazi tulimfungia ndani ya ghala la mabati ili nyinyi msimwone. Mlipokuwa mnanipa mkono, yeye alikuwa anakufa. Nami nilikuwa najua hajapewa maji. Naomba mwandike hivyo."

Bartholomeo alikuwa amegeuka rangi. Alimtazama Bwana Abrahamu, aliyeketi mstari wa mbele. Bwana Abrahamu alikuwa akitazama feni. Ukumbi ulisubiri. Bartholomeo alilamba midomo, akaanza kutafsiri kwa ile sauti yake nzuri. Alitafsiri kwa kirefu, akiweka mkono kifuani.

Wageni walisikiliza. Kisha wakapiga makofi.

Mihayo alidhani hakusikia vizuri. Makofi yaliongezeka, wengine wakasimama. Yule mama wa nguo ya zafarani alikuja akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga, akasema jambo kwa lugha yake. Mtu mmoja alimpiga picha. Plau mpya ililetwa jukwaani, na cheti chenye utepe. Mihayo alisimama katikati ya makofi yale, mdomo wazi, akimtazama mmoja baada ya mwingine ili aone kama yupo hata mmoja aliyeelewa.

Alikuwepo mmoja. Mstari wa nyuma mgeni mfupi, mnene, mwenye miwani, alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti. Hakupiga makofi.

Mihayo alimkuta nje, karibu na bomba la maji.

"Papa," yule mgeni alisema, "miye nilisikia yote."

Mihayo alishtuka. Kilikuwa Kiswahili, japo si cha hapa.

"Unajua Kiswahili?"

"Kwetu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi. Tunakisema tangu utoto." Alitazama nyuma yake kabla ya kuendelea. "Ule mfasiri alisema mama yako alikufa uzee, na neno lake la mwisho alifurahi wageni wamefika."

Maneno yale yalikuwa karibu sana na yale ambayo Jailos aliyasikia ghalani.

"Kama ulisikia, mbona hukuwaambia?"

Mgeni alivua miwani, akaifuta kwa tai yake.

"Mwezi ujao hawa wote watafika kwetu. Wanataka kuona kijiji. Nikifungua mlango wenu leo, kesho nao watafungua wangu."

"Na nyinyi mna ghala?"

"Siye tunawapeleka shuleni. Tunafunga masomo siku mbili." Alivaa miwani tena. "Tunawapa maji, papa. Toka leo nitahakikisha mwenyewe wanapewa maji."

Alinyoosha mkono kuaga. Mihayo hakuupokea.

*

Mihayo alirudi na lori la saruji la dereva wa Kihehe aitwaye Kalinga, plau ikigongagonga nyuma. Nyumbani Leokadia alikisoma cheti kwa sauti, kidole mstarini: kwamba kaya ya Ndugu Mihayo ni mfano wa kujitosheleza, na kwamba kijiji cha Isengela kimeondolewa kwenye orodha ya msaada ili chakula kiende kwa wanaohitaji zaidi.

Alirudia mstari wa mwisho. Watu waliokuwa uani waliangaliana.

"Kimeondolewa?" aliuliza mzee Jailos, ambaye siku zile alikuwa akija kila asubuhi kukaa kwenye jamvi la marehemu. "Yaani hakuna tena?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

Jailos alimwuliza Mihayo, "Huyo dereva wa saruji anarudi Mbeya lini?"

"Kesho kutwa."

"Mwambie anipitie. Na wale bibi wawili. Tulifichwa, si ndiyo? Tunakwenda tuonekane."

Kalinga aliwapitia bila kuuliza nauli. Walikwenda wazee watatu, Mihayo, Leokadia na Eliezeri. Mjini Mbeya walifika ofisi ilipokuwa inafunguliwa, na wazee wakakaa barazani, kwenye ngazi, mahali ambapo kila aliyeingia alilazimika kuwavuka. Hawakupiga kelele wala kuomba kitu. Jailos alikunja suruali mpaka magotini ili miguu yake ionekane. Makarani walipita wakiinamisha nyuso. Mlinzi aliwaambia wahame, bibi mmoja akamjibu, "Tubebe." Mlinzi alimtazama, akaona kwamba kweli angeweza kumbeba kwa mkono mmoja, akarudi kwenye kiti chake.

Bwana Abrahamu alifika saa tatu. Aliwaona akiwa bado kwenye gari. Gari halikusimama.

Kufika saa saba watu wa sokoni walikuwa wamejaa mbele ya baraza, na mkubwa wa ofisi alitoka mwenyewe. Aliwatazama wazee kwa muda, akauliza wanatoka wapi.

"Isengela," Jailos alisema.

"Isengela ina chakula. Nina ripoti mezani."

"Basi sisi tumetoka kwenye ripoti," alisema Jailos, "na tuna njaa."

Macho ya mkubwa wa ofisi yaligeuka mekundu. Hakuna aliyejua kama ni hasira au aibu. Aliagiza wapewe chai na mkate, kisha akasema gari la mahindi litakwenda Isengela wiki ileile, naye atalisindikiza. Hilo alilitimiza. Bwana Abrahamu alihamishwa mwezi uliofuata, akapelekwa wilaya nyingine, kwenye kazi ileile. Yale magunia sita hayakupatikana, na hakuna aliyeonekana akiyatafuta.

Lakini siku ile, kabla hawajaondoka, waliitwa ndani watoe maelezo. Mihayo alieleza kila kitu, pamoja na yale aliyomwambia mkewe kuhusu gunia. Eliezeri alieleza kuhusu ufunguo, akilia. Karani aliandika haraka, ukurasa mmoja tu, akasukuma karatasi na kidau cha wino mbele ya Mihayo.

"Weka dole gumba hapa."

Mihayo alinyoosha mkono wenye kovu la bati. Leokadia aliushika.

"Ngoja," alisema. Aliivuta karatasi, akaanza kusoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Karani alitazama saa. Kidole cha Leokadia kilifika katikati ya ukurasa kikasimama.

"Hapa umeandika mama alifariki kutokana na uzee."

"Ndivyo inavyoandikwa, mama. Ni kawaida."

"Alikuwa na njaa, akafungiwa kwenye bati, hakupewa maji. Futa."

"Fomu haifutwi. Itabidi nianze upya, na saa za kazi zimekwisha."

"Tutakaa," Leokadia alisema, akasogeza kiti chake karibu na meza. "Wale pale nje nao watakaa. Chukua karatasi nyingine, ndugu yangu. Mimi nitasema neno moja moja, wewe uandike, halafu nitasoma."

Karani alitazama dirishani. Barazani wazee watatu walikuwa wakichovya mkate kwenye chai, na umati ulikuwa haujapungua. Alivuta droo, akatoa karatasi mpya, akafungua kalamu.

"Haya, sema."

"Andika jina lake kwanza," alisema Leokadia. "Minza."